Asante sista wa shifti ya usiku
Sista jina silitaji ila ukisoma hapa utajijua, asante sana aisee. Nesi aliyepewa kunielekeza alikua ananifokea mbele ya wagonjwa mpaka naogopa hata kuuliza dozi, na hapo ndo kwenye hatari yenyewe maana nesi mpya akinyamaza anayeumia ni mgonjwa. We hukuegemea upande wowote, ulitukalisha pembeni tukapanga yapi nafanya mwenyewe, yapi lazima awepo, na marekebisho tuongee wawili tu shifti ikiisha. Kumbe na yeye alikua kaachiwa wagonjwa walewale wote halafu akaongezewa na mimi juu, wala hakuna aliyemuuliza kama ataweza (mabosi nao!). Sasa hivi bado mkali ila anafundisha kweli, barikiwa sana dada.