Somo, usivichome vinyama hivyo saluni

Moshi,
Jumapili jioni

Somo yangu Zainabu,

Assalam alaikum. Picha zako nimezipata, na nimezikuza kwenye simu mpaka nikaona mkufu ulivyonasa kwenye kinyama kimoja. Umeniambia dada wa saluni amekuahidi kukuchomea vyote siku moja kwa dawa ya maji, ili harusini kwa binti uingie shingo laini. Nakuomba usiende. Ningepiga simu, lakini haya ni mengi, na nataka uwe nayo kwa maandishi umsomee na shemeji.

Kwanza, una vitu viwili tofauti. Vya shingoni, vile laini vinavyoning'inia kwa kikonyo chembamba, ni ngozi tu iliyoota kwa nje. Huja kwa msuguano wa mkufu na kola, kwa unene, kwa mimba, kwa umri, na vingine tunarithi. Si saratani na haviambukizi. Vile vidoti vyeusi vya mashavuni ni vya ukoo. Mama anavyo, shangazi yako naye anavyo, na huwatoka zaidi watu weusi. Daktari Mwitaliano Aldo Castellani alivieleza kitaalamu mwaka 1925, kwa hiyo si ugonjwa mpya, wala si husuda ya mtu kama jirani anavyokutia hofu.

Chunjua ni jambo jingine. Chunjua ina kirusi, ni ngumu, ukiigusa inakwaruza, na mtoto anaweza kuitoa kidole hiki akaipeleka kile. Dawa yake ya famasi, ile yenye asidi ya salisili, ni ya kulainisha ngozi ngumu ya mikono na nyayo. Ukiiweka shavuni itakula na ngozi nzima ya pembeni. Utomvu wa mnyaa nao ni moto. Unamkumbuka yule mtoto wa jirani pale kwetu, aliyepakwa chunjua ya kopeni utomvu ukamwingia jichoni? Siku tatu hakufumbua macho, na sisi tulikuwa tukimpelekea uji gizani.

Somo, mimi nimeshapita njia hiyo unayoiendea. Mwaka ule nilipojifungua Salma nilifunga kinyama cha kwapani kwa uzi, maana niliambiwa kitakauka kidondoke. Kilivimba kikawa cheusi, kikatoa harufu, nikaishia kumeza vidonge vya usaha wiki nzima. Baadaye nikachomewa vidoti vitatu vya shavuni kwenye saluni moja ya mjini. Vidoti vilitoka kweli. Kimoja kimeniachia baka jeupe ukubwa wa punje ya mchele, na hilo ndilo nalifunika kwa poda kila asubuhi hadi leo. Kidoti kilikuwa cheusi juu ya ngozi ya maji ya kunde, hakuna aliyekuwa akikiona ila mimi. Baka hili wanaliona wote. Wala sikuuliza kama ile sindano ilichemshwa baada ya mteja aliyenitangulia, na damu ilinitoka. Nikikumbuka homa ya ini na VVU vinavyopita, bado nasisimka.

Wewe una jambo la kukuogofya zaidi yangu: sikio lako la kushoto. Ulitoga tu hereni, tundu likaota kovu likavimba kama kokwa la ubuyu. Ngozi ya namna hiyo ikichomwa ovyo shingoni inaweza kuota makovu ya vile vile, mara kumi ya kinyama kilichoondolewa. Popote utakapokwenda, hilo liwe neno lako la kwanza kwa daktari.

Sasa nikwambie nilivyotolewa vya shingoni hapa hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha ngozi kinachofundisha matabibu tangu 1992. Tabibu hakugusa mkasi kwanza. Alipitisha lenzi yenye taa juu ya kila kinyama, kimoja kimoja, kisha akaniinamisha kichwa akatazama kisogo. Akaniuliza, "Huu weusi una muda gani?" Nikaona haya, nikamwambia naoga vizuri na nausugua kwa dodoki. Akasema si uchafu, na nikiendelea kusugua nitaumiza ngozi bure. Weusi mzito kama mahameli, pamoja na vinyama vingi, mara nyingi ni mwili unaosema kwamba insulini haifanyi kazi sawasawa. Nikapimwa sukari asubuhi yake kabla ya kula, ikawa imeshaanza kupanda. Zainabu, kwenye picha yako ya tatu kisogo chako ni kama changu. Kapime sukari wiki hii, hata kabla ya hicho kinyama.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Spiriti, ganzi kidogo ya sindano, mkasi mdogo uliotoka kwenye pakiti iliyofungwa, akakata kwenye kikonyo, tone la damu, pamba. Kile kinene alikigusa kwa sindano ya umeme, nikasikia harufu kama ya unyoya wa kuku uliobabuka. Kimoja chenye rangi mbili alikitia kwenye kichupa kipelekwe maabara; majibu yalikuwa mazuri. Vidoti vya mashavuni hakukubali kuvitoa siku ile. Alijaribu kimoja karibu na nywele, akaniambia nirudi baada ya wiki kadhaa aone ngozi imepona kwa rangi gani. Ile hewa ya naitrojeni ya kugandishia, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hakuitaka usoni kwangu, kwa sababu baridi huua chembe zinazotengeneza rangi yetu. Nyumbani nilipaka mafuta ya mgando tu, nikajifunika jua, na mkorogo marufuku.

Kwa hiyo harusi ikiwa baada ya wiki tatu, mashavu yaache. Shingo inawahi kama utakuja mapema.

Lakini lililonikosesha usingizi si hayo. Ni ule mstari mmoja mwishoni mwa ujumbe wako, kwamba mama ana doa jeusi chini ya unyayo, limekua tangu mfungo uliopita, halimuumi. Kutouma kusikutulize. Saratani ya ngozi inayoanzia kwenye chembe za rangi, melanoma, kwetu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley iligundulika kwenye kidole chake cha mguu 1977, akafa 1981 akiwa na miaka 36. Doa linalokua, lenye kingo zisizo sawa, linalotoa damu au lisilopona, halichomwi wala halikatwi nyumbani; linatazamwa na kupimwa maabara. Huenda likawa si kitu, na ninamwomba Mungu liwe hivyo.

Mlete. Pandeni basi la asubuhi Jumanne, nitawapokea stendi, mtalala kwangu, na Jumatano alfajiri tutashika foleni pamoja. Mama asipake kitu chochote mguuni, na avae ndara zilizo wazi. Nimeshatandika kitanda cha Salma.

Somo yako,
Zainabu