Barua ya wazi kwa shemeji: Bagamoyo hadi Tanga, hesabu maji kwanza

Shemeji yangu,

Assalaam aleikum, na watoto wote wasalimie. Ratiba yako ya kutoka Morogoro, kulala Bagamoyo, kupita Saadani na Pangani hadi kumalizia hapa Tanga nimeisoma yote. Kilomita umezihesabu, mafuta umeyapigia hesabu. Hukuhesabu maji. Nakujibu hadharani kwa kuwa wengi wanaoshuka pwani kutoka bara huliacha jambo hilohilo: wanafika ufukweni saa nne asubuhi na taulo begani, wanakuta bahari imekwenda zake mbali na mbele yao ni tope, kisha wanarudi kusema Bagamoyo hakuna pa kuogelea.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kutoka sana, tofauti ikapita mita 3. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu, bahari haipandi sana wala haitoki sana. Katika pwani yetu, bamvua ina saa zake: maji hutoka kabisa karibu saa nne asubuhi, hujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu ni kinyume chake. Basi chagua kwanza siku ya kwenda kisiwani Maziwe, lile fungu la mchanga baharini karibu na Pangani, iangukie tarehe 2 au 16, halafu hesabu kurudi nyuma ndipo upate siku ya kutoka Morogoro.

Kama una hiari, chukua bamvua ya mwezi mwandamo. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti kitu, hivyo siku za mwezi mpevu mnadani huwa hakuna dagaa wa maana. Ila usiuchague mwandamo wa Ramadhani ikiwa watoto watahitaji kula njiani mchana, maana hoteli ndogo za Pangani na Tanga nyingi hufunguliwa jioni.

Kutoka Morogoro huna haja ya kugusa Dar es Salaam. Pita Chalinze, pinda kulia Msata, lami ya kilomita 64 hadi Bagamoyo. Asubuhi, maji yakiwa nje, ni ya kutembea: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani waliofanya mji huu makao yao makuu hadi 1891, na Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, ambako mwili wa Livingstone ulifikishwa Februari 1874 baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Kaole iko kilomita 5 kusini, nayo nakuomba usiipite mbio. Kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi 22, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe, na ukisimama hapo utaona mikoko imeshika mahali palipokuwa bandari. Kuogelea kuwe kuanzia saa nane mchana, maji yakipanda.

Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini inayopakana na Bahari ya Hindi, na ilipandishwa hadhi hiyo mwaka 2005. Usiwaahidi watoto makundi kama ya Serengeti. Waahidi twiga, kongoni, kuro na ngiri, na tembo wakibahatika. Kitu cha kulipia hapo ni boti ya Mto Wami: viboko na mamba upande wa juu, kisha mikoko kadiri mnavyokaribia bahari. Malipo ya hifadhi si ya fedha taslimu. Utapewa namba ya malipo ulipe kwa simu au benki, kwa hiyo weka salio kabla hujaondoka mjini, mtandao wa huko haukuahidi kitu. Beba kitambulisho cha taifa ili utozwe kiingilio cha Mtanzania. Kibali huhesabiwa saa 24, kwa hiyo ukiingia saa tisa alasiri unapata jioni moja na asubuhi moja kwa malipo ya mara moja. Nguo za buluu iliyokoza na nyeusi ziache, ndizo zinazovuta mbung'o.

Barabara sasa. Ipo kazi ya kujenga lami ya kilomita 256 kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Kwenye kazi ya namna hiyo njia za pembeni huhamishwa mara kwa mara, kwa hiyo piga simu hifadhini jana yake uulize vipande vyote. Udongo mweusi wa mbuga ndio wenye kukwamisha watu. Ukikauka unapitika hata na gari dogo, ukilowa unajaa kwenye vijia vya tairi na hata gari la magurudumu manne huteleza kama sabuni. Ukikwama usikanyage mafuta, tairi zitachimba tu. Zima gari, chimba mbele ya tairi, weka matawi au mbao, toka kwa gia ndogo. Kwenye mchanga mlaini punguza upepo hadi pauni 20 hivi, na uwe na pampu ya kuurudisha. Mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo achana kabisa na njia hiyo: rudi Msata, Segera, Muheza hadi Tanga, kisha uifuate Pangani kutokea huku. Na tafadhali usiingize gari ufukweni hata mchanga uwe mgumu kiasi gani. Kasa hutaga hapo, na bamvua ikipanda haikusubiri.

Ukifikia Ushongo, kijiji cha ufukweni kabla ya Pangani, au Pangani yenyewe, panga kulala siku mbili. Maziwe ni fungu la mchanga kilomita kama 8 baharini. Zamani lilikuwa na mivinje, na kasa wakitaga kwa wingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na sasa bahari ikijaa hulifunika. Mayai yanayotagwa huko huhamishiwa pwani ya Ushongo yasizame, na baada ya siku 55 hadi 60 watoto wa kasa hutoka. Uliza ukifika, ukiangukia siku yao ya kutoka, acha mipango mingine yote.

Ondokeni saa moja na nusu asubuhi. Mlangoni mwa Mto Pangani kuna fungu la mchanga, boti inayotokea mjini ikichelewa maji yanaikimbia, ndiyo maana napendelea Ushongo. Mtakuwa kisiwani maji yakimalizikia kutoka, matumbawe yakiwa karibu na miwani ya kuzamia ikitosha. Hakuna kivuli hata cha kofia: bebeni turubai, maji lita 2 kwa kila mtu, fulana za mikono mirefu za kuogelea nazo, na viatu vya mpira kwa sababu ya wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Saa sita muwe mmeanza kurudi. Juni hadi Agosti kusi huvuma, bahari huchafuka na maji huwa na vumbi. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, ngoja kusi ipungue, Septemba mwisho au Oktoba.

Saa kumi jioni siku hiyohiyo maji yamejaa mtoni: kodi boti mpande Mto Pangani kati ya minazi. Mji wenyewe tembeeni asubuhi inayofuata. Hapa ndipo Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, aliponyongwa nao, Desemba 1889.

Kutoka Pangani hadi Tanga, simama kwenye magofu ya Tongoni. Makaburi ni zaidi ya 40, mengi ya nguzo, na bahari inaula ukingo wake. Kwenye mafungu ya pwani hii ndiko Vasco da Gama alikoichoma meli yake São Rafael mwaka 1499. Mpenda mashairi apite Machui, alikozikwa Shaaban Robert.

Mapango ya Amboni, kilomita 8 kaskazini mwa mji, hayajali maji wala jua, kwa hiyo yaweke saa sita mchana. Viatu vya kushika, tochi kwa kila mtoto. Jioni kuleni pweza, bamvua ndiyo siku zake, kina mama wakitoka miambani asubuhi.

Gari lioshwe chini kwa maji baridi kabla ya kupanda bara, chumvi hula bodi.

Nitumie tarehe, na uzito wa kila mtoto. Jaketi za kujiokolea za watoto hazipo kwenye kila boti, nataka nahodha azitafute mapema.