Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Halmashauri: mgambo naye atungiwe sheria ndogo

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Ninakuandikia kwa heshima zote, baada ya kufika ofisini kwako mara tatu na mara zote tatu kuambiwa kwamba uko kikaoni. Mimi ni muuza dagaa katika gulio letu la Jumamosi. Jumamosi iliyopita mgambo wawili wasio na kitambulisho chochote walinikuta nimetandika turubai langu hatua mbili nje ya mstari wa chokaa, wakabeba mizani na ndoo mbili za dagaa, mmoja wao akitafuna dagaa wangu huku akinieleza kosa langu. Nilipoomba hati ya mali waliyochukua, nikaambiwa nitaikuta ofisini. Huko nikalipishwa shilingi 30,000 pasipo namba ya malipo wala risiti ya mashine, na kuhusu mizani nikajibiwa kwamba haijaandikwa popote, kwa hiyo haikuchukuliwa.

Sibishani na mstari wa chokaa. Sheria ndogo ya magulio ipo, mliipitisha ninyi madiwani, nami nikiivunja nitalipa. Ninachouliza ni kwa nini kalamu iliyokumbuka kutaja faini ya mama anayemwaga maji ya samaki ilishindwa kuandika japo kifungu kimoja kinachomhusu anayekuja kumkamata. Ibara ya 146 ya Katiba inazipa serikali za mitaa wajibu wa kuhakikisha utekelezaji wa sheria pamoja na ulinzi wa wananchi, lakini kwetu limefika lile la kwanza tu. Ibara ya 24 inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria, na ya 13 inataka asikilizwe kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Mgambo akitajiwa Katiba gulioni hucheka. Akitajiwa sheria ndogo ya halmashauri yake mwenyewe, inayotaja cheo chake na adhabu yake, sidhani kama atacheka.

Mizani yangu, Mheshimiwa, hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika ili nisimpunje mteja. Aliyeichukua hakaguliwi na mtu.

Wenzangu wanasema vijana hawa hawalipwi kwa wakati, ndiyo maana wanajilipa. Wengine wanaamini kwamba yuko mkubwa anayepelekewa mgao. Minong'ono hii ingekwisha kama ungetimiza ahadi yako. Ulipoomba kura za udiwani ulisimama pale pale ninapouzia, ukasema mapato ya gulio na matumizi yake yatabandikwa ubaoni kila robo mwaka. Ubao tunao. Wiki hii una tangazo la mnada wa mbuzi waliokamatwa wakizurura: beberu mweusi mmoja, na jike mweupe mwenye sikio lililokatwa. Kumbe halmashauri inajua kuandika ilichokamata, ili mradi kiwe na kwato.

Kwa hiyo ninaomba Baraza la Madiwani la robo hii lipokee rasimu ya sheria ndogo itakayomlazimu mgambo kuvaa namba inayosomeka, kuorodhesha mali mbele ya mwenyewe na shahidi kabla ya kuibeba, na kutopokea fedha mkononi kwa hali yoyote. Na anayekiuka naye atozwe faini kama sisi tunavyotozwa. Rasimu hiyo ibandikwe gulioni ili tuitolee maoni, kwa maana ile ya ushuru tuliiona siku tulipoanza kuilipa. Mgambo avae namba, Mheshimiwa. Hilo halihitaji hata bajeti.

Na kama vikao vitaendelea kuwa vingi, basi naomba mizani yangu. Ni ya kilo 10, sahani yake ina kutu ukingoni, na kioo kina ufa upande wa kushoto. Nimekwisha kukosa gulio moja, na la pili ni keshokutwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuza dagaa, gulio la Jumamosi