Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Joto, Madera na Mishono Iliyozidi

Mama zangu, dada zangu na kaka zetu wawili ambao hamkosagi kikao, salaam. Taarifa imechelewa najua, mtanisamehe, oda za harusi zilinibana mpaka macho yakawa mekundu.

Hesabu mweka hazina ameshawasomea, mi sina cha kuongeza, ila kununua nyuzi Kariakoo kwa pamoja kumetusaidia kuliko kila mtu kwenda kivyake, tuendelee hivyohivyo. Nataka niongelee kazi yenyewe, hii yetu ya kudarizi kwa mashine.

Mnakumbuka lile joto la Januari? Ndo nikachukua oda ya madera, nikajaza maua kifua kizima, najiona fundi kweli. Mteja kavaa mara moja tu karudi nalo, anasema mwenyekiti hili mbele kama nimevaa boksi, jasho linanitoka mpaka mgongoni. Alikuwa na haki yake, kosa langu mwenyewe. Maana pambo la kujaza, lile linalofunikwa uzi ndani kote, la sentimita 10 kwa 10, ukiacha ile nafasi ya kawaida ya milimita 0.4 kati ya mistari, linakula mishono zaidi ya 6,000, halafu nyuma nilikuwa nimebandika karatasi nzito ya kushikilia kitambaa kisijikunje, sasa hewa ipite wapi? Mstari mtupu wenye mishono ya milimita 2.5 mita nzima inataka mishono kama 400 tu. Kwa hiyo mwaka mzima tumefanya kazi moja, kupunguza. Ua tunachora mzunguko wake tu, likilazimika kujazwa tunafungua nafasi mpaka 0.6 na theluthi ya uzi inakuwa imeondoka, na pambo linahama kutoka kifuani linaenda kwenye pindo, mkononi au pembeni mwa shingo.

Nyuma ya dera na vitambaa vingine vyepesi siku hizi tunaweka ile plastiki inayoyeyuka kwenye maji, ukisuuza inaisha yote. Tatizo lake ni unyevu wetu huu wa pwani, ukiiacha wazi inalegea na kunata, roli nzima ilituharibikia hivyo. Weka kwenye mfuko uliofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, msivitupe jamani. Na kitambaa usikivute kwenye fremu ya kudarizia kama ngoma, ukikitoa kinajirudi na pambo linakunjamana.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote mwaka huu ni vitobo. Angalieni kofia za Zanzibar na Lamu zinazoshonwa kwa mkono, zile vitobo vyake vidogo vimezungushiwa uzi, kichwa kinapumua, wazee walishamaliza hesabu zamani. Tukajaribu kwenye mikono ya magauni ya pamba: mashine inashona duara kwanza, unaisimamisha, unakata katikati kwa mkasi mdogo bila kutoa nguo kwenye fremu, halafu inarudi kufunika ukingo. Vya kwanza vilichanika vyote. Sasa vinatoka, ila sitadanganya mtu kwamba vinafikia kofia ya mkono iliyokaa wiki na wiki kwa mshonaji.

Kwa nyumbani, foronya na vitambaa vya makochi ndo vimetembea. Khanga zilizochakaa katikati, pindo bado zuri, tunakata tunafanya mito na kudarizi maneno juu yake. Mteja mmoja kataka mto wa sebuleni uandikwe "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe", tukabishana kikao kizima kama ni adabu, mwisho tukamshonea, hela ni yake na wageni ni wake. Khanga ikiwa mpya fueni kwanza, ina wanga na inarudi ikifuliwa, utakuta maneno yamejikunja kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Mapazia tumieni uzi wa poliesta, reyoni inang'aa vizuri sana lakini dirisha la jua itapauka, na ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo ndo basi tena.

Wale mlionipigia usiku kwamba faili la DST, lile la mchoro tunaloipa mashine ishone, limefungua maua ya bluu na majani mekundu, mashine haijaharibika. Faili la aina hiyo halibebi rangi za uzi, mashine inajipangia, wewe weka uzi unaoutaka kwa mpangilio wako.

Umeme ulitukatisha katikati ya kazi mara nyingi tu. Mashine yetu moja inakumbuka ilipoishia, nyingine haikumbuki, kwa hiyo ukiwa na ile ya pili andika namba ya mshono kwenye karatasi kila baada ya muda, usifanye uvivu.

Uchaguzi ni kikao kijacho, sigombei tena, mgongo umechoka. Na ile fremu kubwa iliyotoka mwezi wa sita bado haijarudi, aliyenayo anajijua, aje nayo.