Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Kubomolewa kwa North DeKalb Mall na Nafasi ya Wafanyabiashara Wetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2024. Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina, na mambo ya mfuko wa misiba yataelezwa na Katibu. Mimi nitajikita katika agizo moja ambalo Mkutano Mkuu uliopita uliipa Kamati Tendaji, nalo ni kufuatilia ujenzi wa mtaa mpya wa Lulah Hills mahali palipokuwa na jumba la maduka la North DeKalb Mall, karibu na Atlanta katika jimbo la Georgia, Marekani, na kueleza iwapo wafanyabiashara wetu wa Clarkston, Decatur na Stone Mountain wanaweza kupata fremu pale. Jibu la Kamati ni kwamba watakaozipata watakuwa wachache sana, na kwamba nguvu za chama zielekezwe kwingine mapema, kabla ya kwingine huko nako hakujapanda bei. Sababu zake nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa najua jibu hili halitawafurahisha wote.

Jumba lile la maduka lilifunguliwa mwaka 1965 karibu na makutano ya Lawrenceville Highway na North Druid Hills Road, na katika eneo la Atlanta lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuyaweka maduka yake chini ya paa moja lenye viyoyozi. Mpangaji wake mkubwa alikuwa Rich's, duka ambalo baadaye liligeuzwa kuwa Macy's, na Macy's ilipofunga mwaka 2016 uhai wa jumba ulikuwa umekwisha kwa kiasi kikubwa. Wengi hudhani kwamba majumba ya namna hii yaliuawa na ununuzi wa mtandaoni peke yake, lakini mikataba ya upangaji nayo ina sehemu yake. Katika majumba mengi, mpangaji mdogo huwa na kifungu kinachomruhusu kulipa kodi pungufu, au hata kuvunja mkataba, iwapo mpangaji mkubwa ataondoka. Kwa hiyo mwenye jumba akimpoteza mmoja huanza kuwapoteza wote, na mapato yake hupungua wakati huohuo ambapo paa na viyoyozi vya miaka mingi vinadai matengenezo. Korido za ndani zilifungwa mwaka 2020. Wazee wetu waliokuwa wakienda kunyoosha miguu humo asubuhi za baridi, bila kununua chochote wala kuulizwa na mtu, walipoteza mahali ambapo hadi leo hawajapata pa kupabadilisha.

Kampuni ya EDENS ilinunua eneo hilo mwaka 2021, makamishna wa Kaunti ya DeKalb wakaidhinisha mabadiliko ya matumizi ya ardhi mwaka 2022, na mwaka huu tumeona kuta zikiangushwa. Mpango ulioidhinishwa unahusu ekari 73 na unaruhusu nyumba za kupanga zipatazo 1,700, nyumba za safu zipatazo 100, hoteli ya vyumba kama 150, na maduka na migahawa ya takriban futi za mraba 320,000. Ukumbi wa sinema wa AMC na duka la Marshalls yamo katika mpango, na duka kubwa la vyakula la Publix litakuwa mpangaji mmojawapo mkuu. Jambo linalobadilika zaidi ni ardhi yenyewe. Bahari ya lami iliyokuwa ya kuegesha magari inakatwa kuwa mitaa yenye njia za miguu, maduka yanawekwa chini na makazi juu, na njia ya waendao kwa miguu na baiskeli inapangwa kuelekea upande wa Chuo Kikuu cha Emory. Kwa mtu aliyekulia Ilala au Mombasa hakuna jipya katika duka kuwa chini na familia kulala ghorofani. Jipya ni kwamba hapa ilibidi sheria ibadilishwe ili jambo hilo liruhusiwe.

Wanachama kadhaa waliuliza kwa nini fedha za umma ziingie katika mradi wa mtu binafsi. Utaratibu uliotumika unatokana na sheria ya Georgia ya mwaka 1985 kuhusu uendelezaji upya wa maeneo yaliyochakaa. Kaunti hutenga eneo na kuandika thamani yake ya siku hiyo. Kodi ya majengo inayotokana na thamani hiyo ya awali huendelea kwenda katika mfuko wa kawaida, ila ongezeko lote linaloletwa na majengo mapya huelekezwa kulipia barabara, mifereji, njia na miundombinu ya eneo hilo kwa miaka kadhaa. Kwa Lulah Hills, mamlaka ya maendeleo ya kaunti iliidhinisha kiasi cha karibu dola milioni 70 kwa njia hiyo. Wanaoutetea utaratibu husema kwamba bila jengo jipya ongezeko lenyewe lisingekuwepo, na wana hoja, kwa sababu jumba lililofungwa halilipi kodi ya maana. Lakini mwananchi anayesubiri ongezeko hilo kwa miaka ana haki ya kuuliza atapata nini kwa kusubiri, na swali hilo ndilo Kamati ililolibeba katika vikao vya hadhara.

Swali la kwanza lilihusu nyumba. Neno linalotumika ni nyumba za bei nafuu, na mtu akilisikia huona moyo umetulia. Unafuu huo, hata hivyo, hupimwa kwa asilimia ya kipato cha kati, na kipato hicho hukokotolewa na serikali kuu kwa eneo zima la jiji la Atlanta pamoja na vitongoji vyake, wakiwemo wenye mishahara ya Buckhead na Alpharetta. Familia ya Clarkston yenye mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha kuku na mwingine wa usafi wa hoteli iko chini sana ya kipimo hicho, hivyo nyumba inaweza kuitwa ya bei nafuu kwa karatasi zote zilizo halali na bado ikawa nje ya uwezo wao. Kamati inawashauri wanachama kwamba kila wanaposikia asilimia katika kikao, waulize hapohapo kodi kwa mwezi ni dola ngapi kwa vyumba viwili. Afisa aliyejiandaa hujibu swali hilo mara moja.

Swali la pili, na ndilo lililotuchukulia muda mwingi zaidi, ni la fremu. Jengo jipya hujengwa kwa mkopo, na benki inayokopesha hutaka kuona mikataba ya wapangaji wenye jina na hesabu zilizokaguliwa kabla haijatoa fedha. Duka la vitenge lililoanza juzi, hata liwe na wateja mlangoni, halimsaidii mwendelezaji, yaani kampuni inayojenga, kupata mkopo. Hakuna njama katika hili na sioni faida ya kumkasirikia mtu. Ndivyo hesabu ya jengo jipya inavyokwenda, huku na kwingineko.

Ili wanachama waone jambo hili kwa karibu, naeleza kisa cha mwenzetu mmoja, fundi cherehani, aliyeoneshwa fremu katika jengo jipya ambalo si la Lulah Hills. Karatasi ilisema dola 30 kwa futi ya mraba. Alipiga hesabu akaona fremu ya futi 1,000 ni dola 30,000, akakata tamaa, akidhani ni za mwezi. Kumbe ni za mwaka, yaani dola 2,500 kwa mwezi, naye akafurahi na kutaka kusaini. Katibu wetu alipousoma mkataba mpaka mwisho alikuta kwamba juu ya hizo dola 2,500 mpangaji hulipa pia fungu lake la kodi ya majengo, la bima, na la kufagia na kutengeneza maegesho, na mafungu hayo hupanda kila mwaka bila yeye kuulizwa. Fremu yenyewe ilikuwa ikabidhiwe ikiwa gamba tupu, yaani sakafu ya zege, bila dari, bila choo, bila taa. Na katika ukurasa wa karibu na mwisho kulikuwa na dhamana binafsi, inayomfanya yeye mwenyewe, wala si kampuni yake, adaiwe miaka yote iliyobaki endapo biashara itafungwa. Wale kati yetu waliowahi kulipa kilemba Kariakoo, yaani fedha za kuingilia fremu, huuliza hapa kilemba ni kiasi gani, na hushangilia wakiambiwa hakuna. Kwa maoni yangu kilemba ni afadhali, maana unakilipa mara moja ukakililia, lakini dhamana inakufuata mpaka nyumbani.

Kwa sababu hiyo Kamati iliamua kutazama majumba mengine yaliyokufa katika eneo letu. Yapo ya kutosha, na kila moja lilipata hatima yake. Avondale Mall, lililofunguliwa mwaka 1964 kwa jina la Columbia Mall, lilibomolewa mwaka 2007 na mahali pake pakajengwa Walmart. Northlake, la mwaka 1971, limepata mpangaji wa namna nyingine, kwani sehemu yake kubwa imechukuliwa na Emory Healthcare kwa ofisi. Gwinnett Place, la mwaka 1984, limenunuliwa sehemu na kaunti yenyewe, ambayo mwaka 2021 ililipa dola milioni 23 kwa ekari 39, wakati vipande vingine vya jumba hilohilo vikibaki kwa wamiliki wengine. Na mgawanyiko huo wa umiliki huchelewesha mambo, kwa kuwa mmoja akikataa kuuza wote wanamsubiri.

Lililotuvutia kuliko yote ni Plaza Fiesta, kwenye Buford Highway. Hilo lilifunguliwa mwaka 1968 kama jumba la kawaida la maduka, likadorora, likabadilishwa jina na sura zaidi ya mara moja, na badala ya kubomolewa likagawanywa ndani kuwa vibanda vidogo. Leo lina maduka zaidi ya 280, mengi ya watu wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Wajumbe wetu walipolitembelea walikuta kibanda cha magauni ya mabinti wanaotimiza miaka 15 kimegusana na cha viatu vya ngozi vya wapanda farasi, kando yake fundi simu, kinyozi na muuza dhahabu, na watoto wakikimbia kati ya vibanda huku mama zao wakiendelea kuuza. Mjumbe mmoja aliyejifunza biashara katika soko la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alisimama akatazama, kisha akasema kwamba hapa angeweza kufungua kesho. Sababu ni rahisi kueleza: jengo ni kuukuu, mkopo wa ujenzi ulikwisha kulipwa zamani na mtu mwingine, na nafasi inakatwa vipande vinavyolingana na mtaji wa mpangaji.

Sitaki nieleweke kwamba kubomoa ni vibaya. Huko Lakewood, jimbo la Colorado, jumba la Villa Italia lililofunguliwa mwaka 1966 lilifungwa mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2004 mahali pake pakafunguliwa mtaa wa Belmar, wenye ekari 104 na vitalu 22 vya mitaa halisi, katika mji ambao ulikuwa na watu zaidi ya 140,000 bila kuwa na katikati ya mji. Watu wanaishi pale, wanatembea, na mji umepata kitovu. Lulah Hills inaweza kufanikiwa vivyo hivyo, na chama kinaitakia heri. Ninachosema ni kwamba mafanikio ya mtaa kama huo hupandisha kodi za jirani zake, na plaza kuukuu za Clarkston na za kando ya Memorial Drive, ambako wengi wetu tumepanga, ndizo jirani hao.

Kuhusu usafiri, Kamati iliandika barua kwa MARTA, shirika la usafiri wa umma la Atlanta, ambalo linaupanga upya mtandao wake wa mabasi, ikiomba njia ya moja kwa moja kati ya Clarkston na eneo la Lulah Hills, na kituo chenye kivuli na benchi ndani ya mtaa wenyewe badala ya kandokando ya barabara kuu. Ajira zitakuwepo pale hata kama fremu hazitakuwepo, katika duka la vyakula, hoteli na migahawa, na kijana asiye na gari hafiki kazini saa kumi na moja alfajiri kwa mabasi mawili na kungoja katikati. Katika yote tuliyoyaomba, hili ndilo ninaloliona lina uwezekano mkubwa zaidi wa kukubaliwa, kwa kuwa halimgharimu mwendelezaji chochote.

Kamati Tendaji sasa inauomba Mkutano Mkuu uidhinishe mambo mawili. La kwanza ni kuunda kikundi cha wanachama wenye biashara watakaopanga kwa pamoja jengo moja kuukuu katika Clarkston au jirani yake, chini ya mkataba mmoja wa miaka mingi wenye haki ya kuongeza muda na ukomo wa kupanda kwa mafungu ya ziada, kisha wagawane nafasi ndani kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. La pili ni kutenga fedha za kumlipa mwanasheria wa upangaji asome mkataba huo kabla ya yeyote kuweka sahihi. Mweka Hazina ataeleza fungu litakalotumika.

Wanaotaka kuwamo katika kikundi hicho wampelekee Katibu nakala ya mkataba wao wa sasa kabla ya siku ya mkutano, ili tujue nani mkataba wake unaisha lini na anaweza kuhama bila adhabu. Asiyependa jina la mwenye jengo lake lijulikane anaweza kulifunika kwa karatasi. Tunachokihitaji ni tarehe, kodi, na ule ukurasa wa dhamana.