Dada uliyenivuta nje ya choo, asante sana

Dada uliyekuwa unapita ukanisikia nakohoa, jina lako sikupata hata kuuliza. Nilikuwa nasugua choo nikachanganya dawa ya klorini na ile ya asidi, gesi ikanipiga, kifua kikabana, pumzi haishuki kabisa. Ulinivuta nje kwenye hewa, ukanikalisha wima, ukapiga picha lebo za chupa zote mbili. Baadae nikasema nimepoa nataka kulala, ukakataa katakata, ukasema mapafu yanaweza kuvimba masaa mengi baadae, twende hospitali. Na kweli usiku hali ikabadilika ila nilikuwa tayari kwenye oksijeni, na zile picha ndo daktari aliziomba kwanza. Jamani mtu akivuta gesi msimwache alale peke yake. Mtandio wako ulionifutia macho ninao, nitafute.