Silabi wanazo tayari

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na nyumbani wote hawajambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana umegusa jambo linalonikera tangu nianze kazi hii. Unasema watoto wako wa darasa la tatu wanasoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama, halafu ukiwauliza habari ile inahusu nini, wanatazamana. Unataka nikutumie mazoezi zaidi ya silabi. Sitakutumia, mwenzangu. Silabi wanazo tayari.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na hiyo ni neema kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mtoto akishazijua irabu tano, akaziunganisha na konsonanti, akapambana kidogo na ng', dh na gh, anaweza kutamka karibu neno lolote utakaloliandika ubaoni. Si kila lugha ina bahati hiyo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, watoto wa Kifini na Kiitalia walikuwa wanasoma kwa usahihi zaidi ya maneno 90 katika kila 100, ilhali wale wa Uskoti, wanaosoma Kiingereza, hawakufika hata 40. Sisi tuko upande wa Wafini.

Neema hiyohiyo ndiyo inayotufumba macho. Mtoto anayekwama anaonekana mara moja, anasaidiwa. Anayetiririka tunampigia makofi na kumwambia akae, na hakuna anayemuuliza chochote.

Tena lugha yetu inabana mambo mengi ndani ya neno moja. Andika ubaoni hatutawatembelea, kisha msikilize mtoto anayesoma polepole: ha, tu, ta, wa, te, mbe, le, a. Anapofika mwisho, ile ha ya mwanzo imeshamtoka kichwani. Muulize watu hao watafanya nini. Atakujibu kwa uhakika kabisa kwamba watakwenda kuwatembelea wenzao. Kila herufi ameitamka sawasawa, na maana ameipata kinyume. Ndiyo maana darasani kwangu kifungu hakisomwi mara moja kikaachwa. Tunakisoma tena, na tena, mpaka neno lianze kutoka kwa pumzi moja, ndipo akili ya mtoto inapata nafasi ya kushughulika na kinachosemwa.

Sasa tazama maswali yetu. Nikupe sentensi ya upuuzi: Pindoro alizegeza mapwiki jana jioni. Nani alizegeza mapwiki? Pindoro. Alizegeza nini? Mapwiki. Lini? Jana jioni. Umepata alama zote tatu, na hujui hata kama mapwiki huliwa au hufukuzwa. Maswali mengi ya ufahamu tunayoyatunga ni ya namna hii, na mtoto mwerevu hugundua mapema kwamba kazi yake ni kuitafuta sentensi yenye maneno yaleyale na kuinakili. Mpe daftari lenye vyema kumi, na wala usijue kama ameelewa neno. Uliza kwa nini Pindoro alifanya hivyo, au wewe ungefanyaje, ujanja wote unakwisha. Maswali ya namna hiyo ni magumu kusahihisha, najua, hasa ukiwa na rundo la madaftari mezani. Basi uliza mawili tu badala ya kumi.

Jambo lenye uzito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni hili: mtoto huelewa anachosoma kwa kutumia anachokijua tayari. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Recht na Leslie, waliwapa wanafunzi 64 kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo walikielewa na kukikumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Nami nimeliona hilo kwa macho yangu. Tulisoma habari za nyuki. Kijana mmoja ambaye kwa kawaida hujificha nyuma ya mwenzake alijikokota hadi kwenye neno masega, akasimama, kisha uso ukamchangamka. Akaacha kitabu, akaeleza kwa mikono yake yote miwili jinsi vile vyumba vidogo vinavyopangika, asali inakaa wapi na wadudu wachanga wanakaa wapi. Wale "hodari" wangu walikuwa wamelitamka neno hilohilo bila kusita, na hakuna aliyejua ni kitu gani.

Kwa hiyo kabla hatujafungua kitabu, tunazungumza. Na kila siku mimi mwenyewe huwasomea kwa sauti dakika kumi, hadithi iliyo juu kidogo ya uwezo wao, yenye maneno ambayo hawatayasikia uwanjani wakati wa mapumziko. Ofisini wapo wanaosema napoteza muda, mtaala hautakwisha. Naona wanakosea, na nimewaambia hivyo. Mtaala uliokwisha na watoto hawajaelewa haumsaidii mtu.

Umeuliza pia uwaambie nini wazazi kwenye kikao. Waambie hata asiyejua kusoma ana kazi ya kufanya. Amsimulie mtoto jambo, kesho yake amwambie alisimulie upya, amdadisi pale anaporuka. Mtoto aliyezoea kufuatilia kisa kwa masikio atakifuatilia hata kikiwa kwenye karatasi. Usiwaache wazazi wa namna hiyo watoke kikaoni wakidhani hawana mchango.

Nimeweka humu kifungu kile cha nyuki, pamoja na maswali yake mawili. Kijaribu wiki hii, kisha niandikie walichojibu kwa maneno yao wenyewe, hasa yule binti uliyesema hanyooshi mkono kamwe. Na yule mwalimu mwenzako wa darasa la pili, mwombe mkae pamoja kabla ya muhula kwisha, maana watoto wake ndio utakaowapokea mwakani.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi mwenzio,
Mwalimu